Maswali ya Wasomaji: Pesa za maafa zimetoka, mbona hazikunifikia?

Maji yakishapungua na mizoga ikishahesabiwa, barua huanza kuingia. Safari hii tumechagua saba, nyingi za kutoka Kenya. Zote zinazunguka jambo moja: mkulima anajua kuna pesa iliyotoka serikalini, ila hajui ilipitia mikono gani. Majina ya waulizaji tumeyaweka kando.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mafuriko yalichukua ekari mbili na nusu za mahindi na migomba yangu yote. Naibu wa chifu alikuja na daftari, akaandika jina, kitambulisho na nambari ya simu. Miezi mitatu baadaye majirani wawili walipata ujumbe wa pesa, mimi kimya. Kwa naibu naambiwa orodha ilienda juu. Huko juu naambiwa niulize kwa chifu. Nifanyeje?
*Mkulima, kando ya Mto Tana*

JIBU: Marahaba. Kwanza acha kuuliza "mbona sikulipwa?" Swali hilo kila afisa analijibu kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana tarehe. Omba karatasi, na uitaje kwa jina lake.

Kati ya daftari la naibu na simu yako kuna orodha tatu. Ya kwanza ni ya usajili, ile iliyoandikwa kijijini. Ya pili ni iliyohakikiwa: majina yamelinganishwa na vitambulisho, yaliyojirudia yameondolewa, na vigezo vimetumika, kwa mfano kaya zilizopoteza nyumba kutangulizwa. Ya tatu ni ya malipo, ile inayopelekwa benki au kampuni ya simu. Hiyo ya tatu hurudi na majibu: malipo yaliyopita na malipo yaliyorudi. Jina lako limekwama mahali fulani kati ya hizo tatu, na kila mahali pana dawa yake.

Kama uko kwenye ya kwanza na hupo kwenye ya pili, tatizo ni uhakiki. Angalia tarakimu za kitambulisho, maana moja ikigeuzwa mfumo hukuona kama mtu asiyekuwepo. Angalia pia kama mtu mwingine wa nyumba yako aliandikwa katika kijiji cha pili, kwa sababu mfumo ukiona kaya moja mara mbili unaweza kuifuta kotekote. Kama uko kwenye ya pili na hupo kwenye ya tatu, huenda fedha ziliisha kabla ya zamu yako, nawe una haki ya kujua kigezo gani kilimpa mwingine nafasi ya mbele. Kama uko kwenye ya tatu, pesa ilitumwa ikarudi. Hapo kosa la kawaida ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au la mume, ama akaunti ya benki iliyolala. Pesa iliyorudi haipotei hewani. Inakaa kwenye akaunti fulani, na nambari ya akaunti hiyo ndiyo wengi hawaiulizi.

Barua yenyewe iwe fupi. Mwandikie mkuu wa idara iliyosimamia msaada, kwa kuwa kisheria mkuu wa taasisi ya umma ndiye afisa wa habari, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Mfano:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari Nambari 31 ya mwaka 2016, naomba: (a) nakala ya orodha ya usajili wa msaada wa mafuriko kwa kijiji changu, na tarehe ilipopokelewa, (b) orodha iliyoidhinishwa kwa malipo, pamoja na vigezo vilivyotumika, (c) jumla ya fedha zilizolipwa, tarehe za malipo, idadi ya malipo yaliyorudi, na akaunti yanakohifadhiwa, (d) taarifa zote zinazohusu jina langu na kitambulisho changu."

Usieleze kwa nini unataka. Sheria haikudai sababu, na ukiieleza unampa afisa nafasi ya kubishana na sababu badala ya kutoa karatasi.

Chapisha nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke. Bila muhuri huo hakuna siku ya kwanza ya kuhesabia. Kuanzia hapo wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, kama habari ni nyingi au lazima washauriane na ofisi nyingine. Kama karatasi ziko kwa ofisi nyingine, ni wao wanaopaswa kuhamisha ombi lako huko ndani ya siku 5. Mchezo wa "nenda kwa chifu, rudi kaunti" unaishia hapo: ombi ndilo linalosafiri, wewe unakaa nyumbani.

Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa umekataliwa. Usikasirike, kwa sababu kukataliwa ndiko kunakokufungulia mlango unaofuata. Una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Ina madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma, na inaweza kuamuru habari itolewe. Ambatanisha nakala yenye muhuri. Afisa anayeacha kujibu ombi ndani ya muda ametenda kosa ambalo faini yake haizidi Sh50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3. Hatujamwambia mtu aanze na vitisho, lakini sentensi hiyo ikiwekwa chini kabisa ya barua ya ukumbusho hufanya kazi yake.

Jambo moja zaidi. Ikiwa pesa ilitoka kwenye Hazina ya Dharura ya kaunti, waziri wa fedha wa kaunti anatakiwa kuomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi 2 baada ya kulipa, na malipo ya mwaka mzima kutoka hazina hiyo hayapaswi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Maana yake kuna hoja iliyowasilishwa bungeni ikitaja kiasi. Mwombe mwakilishi wadi wako nakala. Ukishajua jumla, gawanya kwa idadi ya kaya unazoambiwa zililipwa, kisha linganisha na kile jirani alichopokea. Hesabu isipolingana, barua yako ya pili imeshajiandika.

SWALI: Mwaka wa ukame mbuzi wetu waliisha. Wenzetu wa upande wa pili wa kaunti walipata pesa za dharura, sisi tukaambiwa "setilaiti haikuonyesha ukame kwenu". Setilaiti gani hiyo isiyoona mizoga?
*Mfugaji, Marsabit*

JIBU: Kweli haioni mizoga. Inaona ukijani tu.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutumia kipimo cha hali ya mimea kinachoandikwa VCI. Kinalinganisha ukijani wa sasa na wa miaka iliyopita katika msimu uleule, mahali palepale. Namba kati ya 35 na 50 ni hali ya kawaida, na zaidi ya 50 ni nzuri kuliko kawaida. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 umekithiri. Katika HSNP, mpango wa serikali wa pesa kwa kaya maskini za maeneo kame, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kaya za kudumu zimekuwa zikipata Sh2,700 kwa mwezi, yaani Sh5,400 kila miezi miwili. Kaya za ziada huingizwa namba ya eneo inaposhuka chini ya 20, na zaidi ikishuka chini ya 10.

Shida ni neno "eneo". Namba hutolewa kwa kaunti ndogo nzima. Chukua kaunti ndogo ya Saku: ndani yake kuna msitu wa Mlima Marsabit ambao hubaki kijani wakati nyanda za chini zimekuwa vumbi. Wastani wa kaunti ndogo unaweza kupandishwa na msitu ambao mbuzi wako hawaufikii. Kuna pia mathenge, ule mti wa miiba. Mti huo hustahimili kiangazi ukiwa na majani, na kutoka angani jani ni jani, liwe la malisho au lisiwe.

Kwa hiyo fanya hivi. NDMA hutoa taarifa ya ukame kila mwezi kwa kila kaunti kame. Tafuta ya mwezi ule, fungua jedwali la VCI ya miezi mitatu, tafuta mstari wa kaunti yenu ndogo. Kama ilisomeka 18 na hakuna kaya ya ziada iliyolipwa, una swali zito kwa NDMA: omba uamuzi wa malipo wa mwezi huo, idadi ya kaya na tarehe. Kama ilisomeka 24, hakuna aliyekudhulumu kwa kanuni iliyopo. Kilichokuangusha ni kanuni yenyewe, na mahali pa kulisema hilo ni kwenye mikutano ya kaunti ya kutathmini msimu, mkiwa na idadi ya mifugo iliyokufa kwa kila kijiji, tarehe kwa tarehe.

Bima ya mifugo ambayo serikali ilianza kuilipia wafugaji mwaka 2015 huko Turkana na Wajir nayo husoma ukijani, lakini ni pesa nyingine kabisa na orodha nyingine. Ng'ombe mmoja huhesabiwa kipimo kimoja, mbuzi au kondoo kumi ndio kipimo kimoja, na serikali ililipia vipimo 5 kwa kaya. Usichanganye barua hizo mbili. Ukichanganya, kila ofisi itajibu nusu isiyoihusu.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama chetu cha ushirika. Tuliomba orodha ya waliopewa mbegu na pesa baada ya mafuriko, tukajibiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data inakataza. Ni kweli?
*Katibu, magharibi mwa Kenya*

JIBU: Nusu kweli, na nusu hiyo imenyooshwa ikawa nzima.

Sheria ya 2019 inalinda data ya mtu binafsi. Sheria ya Kupata Habari nayo, kwenye kifungu cha 6, inaruhusu kukataa habari inayoingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Ila kifungu hichohicho kinasema habari itolewe pale ambapo maslahi ya umma yanazidi madhara, na kinataja waziwazi usimamizi wa matumizi ya fedha za umma. Kwa hiyo "data inakataza" si jibu kamili. Afisa lazima aseme ni kipengele gani cha orodha kinachomdhuru nani.

Mrahisishieni kazi. Ombeni jina, kijiji, aina ya msaada, kiasi na tarehe. Semeni wenyewe kwamba hamhitaji nambari ya kitambulisho wala ya simu. Panapo majina yanayofanana, na sote tunajua kina Wanjala ni wangapi, tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho zinatosha kuwatofautisha. Wakikataa hata hivyo, shukeni ngazi moja: idadi ya kaya na jumla ya pesa kwa kila kijiji. Hapo hakuna faragha ya mtu, na mkiwa na namba hizo mnaweza kuhesabu wenyewe barazani, watu wakinyoosha mikono.

Kwa maoni yetu, orodha yenye kitambulisho kizima na simu haifai kubandikwa ukutani hata kama sheria ingeruhusu. Siku mbili tu na matapeli wanawapigia wazee: "tumekutumia kimakosa, turudishie." Wala orodha isionyeshe kwamba fulani aliingizwa kwa sababu ya ugonjwa. Lakini jina na kiasi cha fedha za umma ni jambo tofauti, na tungependa lisomwe barazani kabla ya malipo, wakati kosa bado linarekebishika kwa kalamu.

Haki ya Kifungu cha 35 ni ya raia, na sheria ya 2016 inamhesabu raia hata shirika binafsi linalodhibitiwa na Wakenya. Barua yenye muhuri wa chama inakubalika. Na kama mbegu zilinunuliwa kwa zabuni, ombeni pia mkataba: bidhaa, bei na jina la aliyeuza ni habari ambayo taasisi inatakiwa kuitangaza hata kabla ya kuombwa.

SWALI: Mama yangu hajui kuandika. Anaweza kuomba habari? Na ni pesa ngapi?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Anaweza. Aende aseme kwa mdomo. Afisa analazimika kuliandika ombi na kumpa mama nakala yake; asiondoke bila hiyo nakala. Kuomba ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Kiswahili kinakubalika sawa na Kiingereza.

SWALI: Ndovu wamelala kwenye shamba langu la mahindi. Je, naingia kwenye msaada wa maafa?
*Mkulima, Taita Taveta*

JIBU: Hapana, hiyo ni njia nyingine: fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kupitia kamati ya fidia ya kaunti. Ripoti mapema kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, piga picha za nyayo na kinyesi pamoja na mabua, na afisa wa kilimo apime eneo kabla hujalilima upya. Sheria inanyima fidia mtu asiyechukua hatua za kawaida za kujikinga, kwa hiyo picha ya uzio wako, hata kama ni wa miiba na makopo, iwe kwenye faili.

SWALI: Habari za kazi ndugu wahariri. Huku kwetu baada ya mafuriko yalikuja mahindi ya msaada. Tuligawiwa kilo 12 kila kaya, mengine hatujui yalienda wapi. Sheria za Kenya zinatusaidia nini sisi?
*Mkulima, Morogoro, Tanzania*

JIBU: Nzuri, ndugu. Hazikusaidii, lakini mnazo zenu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na mwenye taarifa ana siku 30 za kujibu. Usiporidhika unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi kwanza, kisha kwa waziri.

Hata hivyo kwa jambo la kijiji kuna njia ya karibu zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ni ajenda yake ya kawaida. Mpelekee mtendaji wa kijiji barua kabla ya mkutano, ukiomba taarifa ya mapokezi na mgao isomwe. Namba nne zinatosha: kilo zilizopokelewa, idadi ya kaya, kilo kwa kaya, na zilizobaki ghalani. Tuseme hati ya kupokelea mzigo inasema magunia 120 ya kilo 50. Hizo ni kilo 6,000. Kaya zikiwa 300, mgao sawa ni kilo 20. Mkipewa 12, zimetoka kilo 3,600, na kuna magunia 48 yanayohitaji maelezo. Huenda yako: pengine yaliletwa mwishoni, pengine kitongoji kingine kilipewa zaidi kwa kuwa nyumba zao zilisombwa. Muhimu yawe na jibu lililoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Hati ya kupokelea ina nakala halmashauri, kwa hiyo ya kijiji ikipotea bado ipo ya pili.

SWALI: Huku ninakoishi watu husema unaweza kuona jirani mkulima amelipwa kiasi gani na serikali. Ni kweli au ni porojo? Na kama ni kweli, wanaibiana kidogo?
*Msomaji, Minnesota, Marekani*

JIBU: Ni kweli. Haikuja kwa hisani, ilipiganiwa mahakamani. Mwaka 1996 gazeti la Washington Post lilishinda kesi dhidi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kuhusu majina ya waliolipwa katika mpango wa pamba. Mwaka 2008 sheria ya kilimo, kifungu cha 1619, ilifunga taarifa nyingi ambazo wakulima huipa wizara, lakini malipo, pamoja na majina na anwani za waliolipwa, yaliachwa nje ya kufuli hilo. Shirika la Environmental Working Group huchapisha malipo hayo kwenye mtandao kuanzia mwaka 1995. Unatafuta kwa jina au kwa kaunti.

Kuna mashimo. Ruzuku za bima ya mazao hazionyeshi jina la mkulima. Na malipo yakienda kwa kampuni ya familia, unaona kampuni. Wenyewe unawatafuta kwingine.

Kuhusu kuibiana: mara nyingi mlango uliachwa wazi na kanuni zenyewe. Mpango wa fidia ya mifugo wa miaka ya 2002 na 2003 uligharimu dola bilioni 1.2. Mwanzoni sharti lilikuwa kaunti yako iwe na ukame, lakini mwaka 2003 ikatosha iwe imetangazwa eneo la maafa, maafa yoyote, bila kuonyesha kwamba ulipoteza kitu. Washington Post ilieleza mwaka 2006 jinsi wafugaji wa Texas walivyolipwa pesa za ukame katika kaunti zilizotangazwa kwa sababu mabaki ya chombo cha anga cha Columbia yaliangukia huko Februari 2003.

Mpango wa sasa wa malisho, LFP, unafuata ramani ya ukame ya taifa inayotolewa kila Alhamisi, yenye ngazi D0, ukavu mdogo kabisa, hadi D4, ukame uliokithiri. Ukiona jirani amelipwa, fungua ramani za majuma ya msimu ule na uangalie kaunti yenu ilikuwa rangi gani. Kama ilibaki njano ya D0 mwaka mzima na malipo ya LFP yapo, ofisi ya kaunti ya FSA, idara ya Wizara ya Kilimo inayolipa pesa hizo, ndiyo ya kuandikiwa, ukitaja mwaka, mpango na kiasi kama kilivyochapishwa.